Tarumbeta la Askofu wa Masasi

Ukiingia Masasi kwa barabara ya kutoka Ndanda, majabali ndiyo yanayokulaki kabla ya watu. Yamechomoza juu ya tambarare kana kwamba yalipandwa: makubwa, ya kijivu, yenye michirizi myeusi ambako maji ya masika yamekuwa yakiteremka miaka nenda miaka rudi. Chini ya jabali la Mtandi ndipo lilipo Kanisa Kuu la Anglikana la Dayosisi ya Masasi, na hapo ndipo niliposhuka kwenye bodaboda asubuhi moja ya Julai, baridi bado haijaachia, mikorosho ndiyo kwanza inaanza kutoa maua.

Nilikuwa nafuata njia ya mtu mmoja na chombo kimoja. Mtu huyo aliishi hapa miaka 8, tangu mwisho wa 1960 hadi 1968. Chombo chenyewe hakikufika hapa. Kilishika njia nyingine, kikapitia London, New York, Accra na Kinshasa, kikarudi kwao Johannesburg baada ya miaka 30. Lakini bila mtu huyu wa Mtandi kisingepata mdomo wa kukipuliza. Mtu ni Trevor Huddleston, Askofu wa Masasi. Chombo ni tarumbeta la Hugh Masekela.

Jambo hili limenikaa moyoni siku nyingi. Wapenzi wa muziki wanamjua Huddleston kama padri aliyempa kijana wa Afrika Kusini tarumbeta lake la kwanza, halafu simulizi lao linamwacha hapo hapo, kama mtu aliyeteremka stesheni treni ikaendelea. Kwetu kusini anajulikana kama askofu aliyetangulia maaskofu Waafrika. Ni nadra kukuta nusu hizi mbili zimewekwa kwenye ukurasa mmoja. Mimi mwenyewe nilizipata kwa nyakati tofauti. Tarumbeta nililisikia utotoni, kwenye redio ya mbao ya nyumbani, bila kujua ni la nani. Jina la askofu nililipata ukubwani. Siku nilipogundua kwamba ni habari moja, niliamua kwamba siku moja nitakuja kuitembea kwa miguu yangu kuanzia upande huu wa Ruvuma.

Basi tuanzie huko ilikoanzia.

Hugh Ramapolo Masekela alizaliwa tarehe 4 Aprili 1939 Witbank, mji wa migodi ya makaa ya mawe mashariki mwa Johannesburg. Alilelewa na bibi yake, aliyekuwa akiuza pombe kwa siri kwa wachimba migodi, maana sheria ilimkataza Mwafrika kuuza. Wachimbaji hao walitoka kila pembe ya kusini mwa Afrika: Msumbiji, Nyasaland, Rhodesia, Angola, Lesotho. Hata Tanganyika ilikuwa na vijana wake kwenye migodi ya dhahabu ya Rand, wakichukuliwa na wakala wa ajira ambao watu wa kusini waliwaita Wenela. Mtoto akakulia kwenye nyumba ambamo kila Jumamosi lugha kumi zinakunywa, zinaimba na kulilia makwao. Santuri ilikuwepo pia, na mtoto alikuwa akilala nayo masikioni.

Akapelekwa shule ya bweni ya St Peter's, Rosettenville, iliyoendeshwa na watawa wa Kianglikana wa Jumuiya ya Ufufuo, shirika lenye makao Mirfield, Uingereza. Shule hiyo haikuwa ya mchezo: Oliver Tambo alisoma hapo, akarudi kufundisha. Huddleston, mzaliwa wa Bedford mwaka 1913, alikuwa amefika Afrika Kusini mwaka 1943 kuhudumu Sophiatown, mtaa ambao Waafrika waliweza kumiliki viwanja, mtaa wa waandishi, wanamuziki, wahuni na wacha Mungu. Huko walimwita Makhalipile, yaani asiyeogopa. Ni huyu huyu ambaye Desmond Tutu alisimulia kwamba alimwona akimvulia mama yake kofia barabarani, mzungu akimvulia kofia mwanamke Mwafrika aliyekuwa mfanyakazi wa ndani, jambo ambalo mtoto Tutu hakuwahi kuliona. Baadaye Tutu alipolazwa miezi mingi kwa kifua kikuu, padri huyo alikuwa akienda kumtazama kitandani.

Kwa hiyo kumtazama mtoto mgonjwa kwa Huddleston lilikuwa jambo la kawaida, na tarumbeta lilianzia kwenye mazoea hayo. Masekela alikuwa na miaka 14, mtukutu, wa kila siku kuitwa ofisini. Alikuwa ameona filamu ya Kimarekani ya mwaka 1950 ambayo Kirk Douglas anaigiza mpiga tarumbeta, na tangu hapo hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Siku moja amelala mgonjwa bwenini, padri akaketi kando yake akamuuliza hasa anataka kufanya nini na maisha yake. Kijana akajibu kwamba akipata tarumbeta hatamsumbua mtu tena.

Watu wazima wengi wangecheka, wakamwambia apone kwanza. Huddleston alikwenda kutafuta tarumbeta. Kisha akatafuta mwalimu: mzee Sauda, aliyeongoza bendi ya matarumbeta ya Waafrika ya manispaa ya Johannesburg, akaja kumwonyesha kijana namna ya kushika na kupuliza.

Tarumbeta si chombo cha kumbembeleza mtu. Ukipuliza tu, hewa inapita na hakuna kinachotoka. Sauti haimo kwenye shaba. Imo kwenye midomo. Unaibana midomo, unaitetemesha kama mtu anayefukuza punda, na chuma kile kirefu kilichokunjwa kinaukuza mtetemo huo mpaka unatoka kwenye mdomo mpana wa mbele. Vibonyezo ni vitatu tu. Vidole vitatu kwa noti zote hizo. Zilizobaki zinatafutwa kwa kukaza na kulegeza midomo. Anayeanza huvimba, huchubuka, huacha. Masekela hakuacha. Wenzake walipomsikia nao wakataka vyombo, na padri akawa mtu wa kuzunguka madukani akiomba. Jonas Gwangwa akapata tromboni. Ikazaliwa bendi ya shule, Huddleston Jazz Band, watoto waliovaa sare wakipiga muziki wa watu wazima.

Nchi ilikuwa inabanwa. Februari 1955 serikali ilipeleka polisi 2,000 Sophiatown kuanza kuwahamisha watu kwa malori. Mtaa ukabomolewa, ukajengwa upya kwa ajili ya Wazungu, ukapewa jina la Triomf, yaani ushindi. Huddleston aliupinga uhamisho huo hadharani, akaandika kitabu kilichotoka 1956 na kusomwa dunia nzima. Shirika lake likamwita arudi Uingereza. Akiwa njiani kupitia Marekani alikutana na Louis Armstrong, akamsimulia habari za vijana wake. Armstrong akatuma mojawapo ya matarumbeta yake Johannesburg. Mpiga picha Alf Kumalo alimnasa Masekela siku lilipofika: yuko hewani, ameruka juu barabarani, miguu imeachana na ardhi, tarumbeta mkononi, kicheko kimejaa uso. Nimeitazama picha hiyo mara nyingi. Kila mara najiuliza kama Huddleston aliiona akiwa Mirfield, kwenye baridi, amekatazwa kukaa na watu aliowapenda.

Mwaka 1960 ndio fundo la kamba hii.

Januari mwaka huo Masekela, Gwangwa, Kippie Moeketsi na mpiga piano ambaye dunia baadaye ilimjua kwa jina la Abdullah Ibrahim walirekodi albamu ya bendi yao, Jazz Epistles, albamu ndefu ya kwanza ya jazi ya Waafrika wa Afrika Kusini. Tarehe 21 Machi, Sharpeville, polisi waliwaua watu 69 waliokuwa wakipinga vitambulisho. Mikusanyiko ikapigwa marufuku. Muziki wa hadhara ukafa kwa amri. Mei, Masekela akaondoka kwenda London, Huddleston akiwa miongoni mwa waliomfungulia njia ya kupata nafasi ya masomo. Baada ya miezi michache akavuka Atlantiki kusomea Manhattan School of Music, akisaidiwa na waimbaji Miriam Makeba na Harry Belafonte.

Mwezi mmoja baada ya kuondoka kwake, tarehe 16 Juni 1960, ng'ambo ya Ruvuma, kwenye uwanda wa Wamakonde wa Msumbiji, Wareno waliwapiga risasi watu waliokusanyika Mueda kudai haki zao. Siku ya wazi, ukisimama Newala, unaitazama nchi ile ile. Na mwisho wa mwaka huo huo Huddleston akawekwa wakfu kuwa Askofu wa Masasi. Aliyeondolewa Afrika ya kusini kabisa akarudishwa Afrika kwa mlango wa pembeni, na mlango huo ulitazamana na mto uliokuwa unakaribia kuwa mstari wa vita.

Nilikaa kwa muda nje ya kanisa la Mtandi nikiyawaza hayo. Misheni hii haikuanza naye. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka pwani na watu zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani, nia yao ikiwa kusonga mbele kuelekea Ziwa Nyasa. Walipofika chini ya majabali haya wakaona yatosha, wakakaa. Septemba 1882 Wangoni, waliojulikana huku kama Magwangwara, walishambulia wakachoma na kuteka watu, na kituo kikahamishiwa Newala chini ya ulinzi wa Matola, mkuu wa Wayao. Kwa hiyo barabara ya Masasi hadi Newala ni njia ya wakimbizi tangu karne ya 19. Dayosisi yenyewe ilisimikwa 1926, askofu wake wa kwanza akiwa Vincent Lucas, ambaye anakumbukwa kwa kuliingiza jando kanisani badala ya kulilaani.

Huddleston alipokea dayosisi yenye hospitali ya Mkomaindo, shule ya Chidya, zahanati na makanisa yaliyotawanyika toka pwani hadi ndani, na barabara ambazo masika yalizimeza. Wiki moja ya kazi kwenye eneo lile ni vumbi, maji ya kisima na ugonjwa. Tanganyika ikapata uhuru Desemba 1961. Machi mwaka huo Nyerere alikuwa ameandika katika gazeti la Observer la London kwamba Tanganyika haiwezi kukaa Jumuiya ya Madola pamoja na Afrika Kusini ya ubaguzi. Kabla ya mwezi kwisha Afrika Kusini ikatangaza kujitoa. Huddleston na Nyerere wakawa marafiki wa kweli, mmoja Mwanglikana mtawa, mwingine Mkatoliki rais, na askofu alimuunga mkono rais bila kificho.

Kisha Septemba 1964 wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, wakafyatua risasi ya kwanza Chai, Cabo Delgado. Watu wakaanza kuvuka Ruvuma kwa mitumbwi na kwa miguu, Wamakonde wakikimbilia kwa Wamakonde. Nachingwea ikawa kambi ya mafunzo ya wapiganaji. Newala, Masasi na Mtwara zikapokea wageni kwa unga uleule mchache. Methali inasema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini huku mwenyeji na mgeni waliugua pamoja, wakagawana. Nikisikia watu wakieleza ukombozi wa kusini mwa Afrika kama kazi iliyofanywa Dar es Salaam, kwenye ofisi na mikutano, natamani waje hapa wapande gari la asubuhi la Newala.

Nililipanda. Linatoka Masasi kwenye joto la tambarare, linapita mashamba ya korosho na mihogo, halafu linaanza kuukwea ukingo wa Uwanda wa Makonde na hewa inabadilika. Newala ni baridi Julai. Watu wamejifunga vitenge mabegani. Juu huku maji ndiyo ilikuwa shida tangu zamani, kwa kuwa mchanga unayanywa yote. Kabla ya mabomba, wanawake waliteremka ukingoni alfajiri na kupanda na mitungi jua likiwa utosini.

Muziki je? Swali hilo ndilo lililonileta. Kama Huddleston aliweza kumtafutia mtoto mmoja tarumbeta Johannesburg, mbona hatusikii bendi ya watoto wa Masasi? Nadhani jibu limo kwenye mambo mawili. La kwanza ni njaa ya vitu vingine: mahali penye ukoma, malaria na shule zisizotosha, askofu huomba dawa na madawati. La pili linanigusa zaidi. Watoto wa huku hawakuwa wakingoja mtu awaletee mlio.

Wamakonde wana lipalapanda. Ni pembe ya mnyama, ile ndefu iliyojisokota ya tandala, iliyotobolewa ubavuni karibu na ncha. Unaishika kwa upande, unaweka midomo kwenye tundu, unaibana na kuitetemesha kama vile mzee Sauda alivyomfundisha Masekela. Sauti inayotoka ni nzito, ya kukwaruza kidogo mwanzoni, kisha inafunguka. Jina hilo ni ndugu wa parapanda, neno ambalo kila aliyewahi kukaa msibani kanisani analijua. Siwa ya Lamu, ile ya shaba, hupulizwa ubavuni vilevile. Kutoka pwani ya Lamu hadi ukingo wa Newala watu walikuwa wakijua kwamba midomo ikitetemeka kwenye tundu dogo, mji unakusanyika.

Hata shaba ya Kizungu ilishapita huku kabla ya askofu. Novemba 1917 majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalifukuzana kwenye uwanda huu, mpaka kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akavuka Ruvuma pale Ngomano. Pamoja na askari na wapagazi vita hiyo ilisambaza beni, ngoma ya pwani iliyoiga bendi za kijeshi, yenye vyama viwili vikubwa vilivyoshindana, Marini na Arinoti, na viongozi wenye vyeo vya kifalme na kijeshi. Askari wa kule Ziwa Nyasa waliporudi makwao bila matarumbeta, waliyatengeneza kwa vibuyu, wakayaita malipenga. Mashindano ya beni yalikuwa matamasha kabla neno tamasha halijapata maana tuliyonayo leo: mavazi, waamuzi, pilau, na gharama zilizowatia watu madeni.

Nikirudi kwa Masekela: mwaka 1967 alipanda jukwaa la Monterey, California, tamasha lililofungua mlango wa matamasha makubwa ya muziki ya vijana Marekani. Julai 1968 wimbo wake wa "Grazing in the Grass", tarumbeta na kengele ya ng'ombe bila neno hata moja la kuimba, ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Mwaka huo huo Huddleston alijiuzulu Masasi, na kiti kikachukuliwa na Mwafrika, Askofu Hilary Chisonga. Aliondoka kwa sababu aliamini wakati umefika. Hilo nalihesabu kuwa kubwa kuliko tarumbeta. Kutoa kitu ulichokinunua ni rahisi. Kutoa nafasi uliyokalia na kuipenda ni kazi nyingine.

Masekela hakukaa juu ya chati zake. Umaarufu wa Marekani ulimchosha na kumharibu. Mwenyewe alikiri kwa ukali habari za pombe na dawa za kulevya. Miaka ya mwanzo ya 1970 alirudi Afrika kwa njia ndefu: Guinea alikokuwa Makeba, Lagos kwa Fela, Accra alikopata bendi ya Hedzoleh Soundz. Mwaka 1974 alitoa "Stimela", wimbo wa treni ya makaa ya mawe inayowasomba vijana kutoka kila nchi ya kusini kuwapeleka migodini. Ni wale wale wa nyumbani kwa bibi yake. Kwa sisi wa upande huu, ni Wenela imegeuzwa muziki, filimbi ya treni ikitoka kinywani mwa mtu.

Na mwaka huo huo akashiriki kuanzisha tamasha.

Muhammad Ali na George Foreman walikuwa wapigane Kinshasa, Mobutu akiwa mwenyeji. Masekela na rafiki yake Stewart Levine, aliyesoma naye New York, wakawa na wazo: kama dunia nzima inaitazama Afrika kwa ajili ya ngumi, kwa nini isiisikie pia? Wawalete Wamarekani weusi wapige kwenye ardhi walikotoka babu zao, na wapige bega kwa bega na wenyeji. Fedha zikapatikana kwa wawekezaji kutoka Liberia. Wakaalikwa James Brown, B.B. King, Bill Withers, Celia Cruz na Fania All-Stars. Kwa upande wa Afrika, Makeba, Manu Dibango, Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley, Abeti. Hebu fikiri orodha hiyo kwa masikio ya mtu wa Dar es Salaam au Mtwara wa mwaka 1974, ambaye Franco na Tabu Ley alikuwa akiwasikia kila wikendi na wengine akiwajua kwa majina tu.

Siku chache kabla, Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini. Pambano likaahirishwa hadi 30 Oktoba. Tamasha lingeahirishwaje? Wanamuziki walikuwa na mikataba, vyombo viko njiani. Likaendelea peke yake, usiku tatu, 22 hadi 24 Septemba, Uwanja wa 20 Mei. Watalii waliotegemewa hawakuja. Tiketi zilikuwa ghali kwa watu wa Kinshasa na viti vikabaki vitupu, mpaka siku ya mwisho milango ikafunguliwa bure na uwanja ukafurika. Kwa hesabu ya fedha ilikuwa hasara tupu. Filamu na kanda zikakwama kwenye migogoro ya kisheria. Sehemu ilitumika kwenye filamu ya pambano iliyotoka 1996, filamu ya tamasha lenyewe ikaonekana 2008, na rekodi za wanamuziki wa Kiafrika zikatolewa 2017. Masekela aliishi kuziona. Zilitoka miezi michache tu kabla hajafa.

Wiki mbili kabla ya usiku ule wa kwanza wa Kinshasa, tarehe 7 Septemba 1974, Wareno na FRELIMO walitia saini Lusaka. Vita iliyokuwa imeujaza uwanda huu wakimbizi kwa miaka 10 ilikuwa imekwisha. Nikiwa Newala niliziweka tarehe hizo mbili pamoja kwenye daftari: Kinshasa wanajaribu maikrofoni, na huku watu wanafunga mizigo kuvuka mto kurudi kwao.

Yaliyofuata yanajulikana. Huddleston aliongoza Harakati za Kupinga Ubaguzi wa Rangi za Uingereza kama rais wake tangu 1981. Masekela aliishi Botswana, akapokea barua ya Mandela kutoka gerezani, akaijibu kwa wimbo uliotoka 1987. Tarehe 11 Juni 1988 Wembley ilijaa kwa tamasha la kuadhimisha miaka 70 ya Mandela, na kwenye jukwaa hilo tarumbeta la kijana wa St Peter's lilikuwepo, kwa ajili ya harakati iliyoongozwa na padri aliyelinunua la kwanza. Mwaka 1990 Masekela alirudi kwao. Huddleston alifariki Aprili 1998, majivu yake yakazikwa Sophiatown, kando ya kanisa la Kristo Mfalme. Masekela alifariki tarehe 23 Januari 2018. Gwangwa, yule wa tromboni, alifuata miaka mitatu baadaye, tarehe hiyo hiyo, 23 Januari.

Masasi hakuna majivu. Yapo majabali, hospitali ya Mkomaindo, na kanisa chini ya Mtandi. Na ngoma zipo. Tangu 2008 Mtwara imekuwa na tamasha la ngoma za asili linaloitwa Makuya, jina lililounganishwa kwa silabi za Makonde, Makua na Yao, makabila ya uwanda huu na mabonde yake. Lilianzishwa na asasi ya ADEA ya hapo hapo Mtwara. Vikundi hutoka vijijini na sindimba zao, na vinyago vinavyotembea juu ya miti mirefu. Hawakuhitaji bondia wala rais wa nchi. Ningependa kuona siku moja wakimwalika kijana mwenye tarumbeta la shaba asimame karibu na mzee mwenye lipalapanda, kila mmoja apulize kwa zamu yake.

Jioni nilitembea hadi Shimo la Mungu, pale ukingo wa Newala unapokatika na ardhi yote inashuka kwa mkupuo kuelekea Ruvuma. Ukungu ulikuwa umeanza kujaa chini. Ng'ambo ni Msumbiji, bluu juu ya bluu. Nyuma yangu nikasikia mlio, kama wa bata aliyekasirika, kisha ukanyooka ukawa noti moja ndefu. Ni mtoto wa miaka 8 au 9, ana bua la jani la papai mdomoni, amelikata ncha moja na kulichana upande mmoja kwa ukucha.

"Shikamoo," akasema, akilitoa mdomoni.

"Marahaba. Nani amekufundisha?"

Akainua mabega. Nikamuuliza hasa angependa kufanya nini akikua, nikajisikia moyo ukinidunda, kwa sababu nililijua swali hilo limetoka wapi. Hakunijibu. Alikimbia hadi kwenye mpapai ulioota nyuma ya ua, akakwanyua jani jingine, akalikata, akalichana taratibu kwa ukucha akilijaribu mara mbili mpaka likalia. Kisha akaniletea, akasimama mbele yangu, akingoja nipulize.